Maziwa ya Kulwa na Doto

Mapacha wakizaliwa wiki ya 28, kila mmoja na kilo moja hivi, mengi huwa mikononi mwa wengine. Mashine inawasaidia kupumua, dripu inawapa sukari na protini, muuguzi ndiye anayewageuza. Linalobaki kwa mzazi ni dogo, ila hakuna duka la dawa linaloliuza: maziwa ya mama yao.

Chukua mama wa pwani ya Afrika Mashariki aliyejifungulia Doha, Qatar: mji huo hauna uhaba wa vifaa. Watoto njiti hutunzwa katika kituo cha wanawake cha Hamad, kilichorithi kazi ya Hospitali ya Wanawake iliyofunguliwa mwaka 1988, na katika hospitali ya Sidra Medicine. Lakini inkubeta, hata iwe ghali vipi, haikomazi utumbo. Ukuta wa utumbo wa njiti ni mwembamba na kinga yake bado changa. Bakteria wakiushinda, sehemu yake huvimba na kufa, na upasuaji hauwaokoi wote. Wanaopewa maziwa ya binadamu hupatwa na janga hili mara chache kuliko wanaopewa ya kopo. Ya binadamu yana kingamwili zinazoulinda ukuta huo, na sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga: hizo ni chakula cha bakteria wema.

Basi mama anakamua. Mwanzoni hutoka dang'a, matone ya manjano, na muuguzi huyavuta kwa sirinji mpaka lile lililonasa ukingoni mwa chupa. Tuwaite watoto Kulwa na Doto: tone moja ndani ya shavu la Kulwa, jingine la Doto, mengine yapite kwenye mpira mwembamba hadi tumboni. Kila mlo ni mililita moja au mbili tu. Lishe ikikamilika, kila mmoja atataka kama mililita 160 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, yaani zaidi ya 300 kwa wawili, na kilo zinaongezeka. Ndiyo maana mama huambiwa akamue mara nane au zaidi kwa saa 24, usiku asiuruke, maana prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda usiku. Mama yake mzazi na mashangazi wako mbali, Tanga au Mombasa, kwa hiyo kengele ya simu ndiyo inayomwamsha saa nane usiku.

Na yasipotosha? Kwingineko hukimbiliwa benki ya maziwa, ambako ya kuchangiwa hupashwa moto kwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Pumwani, Nairobi, walifungua yao mwaka 2019. Ghuba, swali linafika kwa masheikh. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kunyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huleta udugu unaozuia ndoa, na maziwa yaliyokamuliwa yakamiminwa kinywani yana hukumu ileile. Benki ikichanganya maziwa ya wanawake wasiojulikana, nani ndugu ya nani?

Mwanazuoni Yusuf al-Qaradawi, aliyehamia Doha mwaka 1961 na kufia huko 2022, alizihalalisha benki hizo mwaka 1983: kunyonya, alisema, ni kunyonya titi, na shaka haiharamishi. Mwaka 1985 Baraza la Fikihi la OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, likikutana Jeddah, lilikataa, na nchi nyingi za Kiislamu zimeshika uamuzi huo. Kuwait walijaribu njia ya kati, mtoaji na familia wajuane. Mimi naiona njia ya busara, kwani bibi zetu walinyonyesheana hivyo hivyo, na kila mtu alijua nani kanyonya wapi. (Kulwa akipewa chupa ya Doto hakuna hukumu inayobadilika, ni ndugu tayari.)

Baba naye hakosi kazi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India ulionyesha kuwa kumlaza mtoto mdogo kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, hupunguza vifo kwa robo. Watoto wawili wanataka vifua viwili.

Karibu na wiki ya 34, ukihesabu tangu mwanzo wa mimba, ndipo mtoto hujua kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, na mapacha hawafiki siku moja. Kulwa anaweza kuruhusiwa, Doto akabaki. Hapo mama ananyonyesha nyumbani, anakamua, na baba anayapeleka maziwa wodini katika sanduku la barafu, maana joto la Julai la Doha hupita nyuzi 40 na gari lililoegeshwa juani ni tanuri.