Amana ya Mwandishi wa Wasia katika Zama za Kompyuta

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.

Maimamu wetu na mawakili Waislamu huombwa mara kwa mara kuwaandikia watu wasia. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kalamu, karatasi na watu wawili wa kushuhudia. Leo muusia hutuma maelezo kwa simu, wakili huyachapa kwenye kompyuta, na pengine wasia hubaki humo bila ya kutiwa saini. Tumeona ni vyema tueleze hukumu na adabu za jambo hili, kwani likiharibika zinapotea haki za mayatima, wajane na wenye kudai.

Mwandishi amebeba amana

Katika Sura Al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu amemuamrisha mwandishi wa deni aandike kwa uadilifu. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 181, dhambi ya kubadilisha wasia imewekwa juu ya wale waliousikia kisha wakaubadilisha. Aya ya 182 inamruhusu mwenye kuona upotofu kwa muusia asuluhishe.

Wanazuoni wakaifanya kazi hii kuwa fani kamili, wakaiita ilmu ya shuruti. Imam At-Tahawi (aliyefariki 321H) aliitungia vitabu, na Al-Wansharisi wa Maghrib (aliyefariki 914H) akatunga kitabu cha adabu za mwandishi wa hati. Basi mwandishi hawi chombo cha kufuata kila anachoambiwa. Muusia akitaka kupita theluthi, amkumbushe kuwa Mtume (S.A.W.) alimwekea Saad bin Abi Waqqas (R.A.) mpaka huo, na akasema hata theluthi ni nyingi. Akitaka kumuusia mrithi, amweleze kuwa haupiti ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Na akishikilia kuwadhuru warithi, jambo lililokatazwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 12, asimsaidie.

Je, maandishi peke yake yanatosha?

Ibn Umar (R.A.) amepokea kwamba haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Imam An-Nawawi (aliyefariki 676H) ameeleza kuwa makusudio yake ni kuandikwa na kushuhudiwa, na hayo ndiyo madhehebu ya Imam Shafi. Imam Ahmad alikubali wasia uliokutwa kwa maiti bila ya mashahidi, kwa sharti kwamba mwandiko wake unajulikana.

Hapa ndipo penye uzito wa mas'ala yetu. Aliyelegeza, alilegeza kwa sababu mkono wa mtu unatambulikana. Herufi za kompyuta hazina mwenyewe, zinafanana kwa kila anayezichapa. Ujumbe wa simu nao huweza kutumwa na yeyote aliyeishika simu hiyo. Kwa hiyo hata ile nafasi iliyoachwa na Imam Ahmad haipatikani hapa, na haja ya mashahidi imekuwa kubwa zaidi kuliko zamani.

Sheria za nchi nazo zimeona hatari hii. Sheria ya Kenya ya habari na mawasiliano, iliporuhusu hati na saini za kielektroniki, iliutoa wasia. Uingereza iliruhusu wasia ushuhudiwe kwa njia ya video wakati wa maradhi ya korona, na ruhusa hiyo ikakoma Januari 2024.

Siri ya muusia

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu wengi wana mali ndani ya simu. Baadhi yao huandika namba ya siri ndani ya wasia. Hili ni kosa, kwani nakala ya wasia hupita mikononi mwa watu. Lakini kunyamaza kabisa nako kuna madhara. Hesabu isiyojulikana haitolewi kulipa deni, ilhali deni hutangulia wasia na mirathi. Njia ya salama ni muusia ataje kampuni na namba ya hesabu tu, na wasii aidai mali hiyo kwa hati ya mahakama. Wakili naye asiache wasia wa watu kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mtu, wala asiupeleke kwenye kundi la simu kuomba ushauri.

Programu za kugawa mirathi

Programu hizi zina faida, lakini anayezitegemea bila ya elimu atadhulumu. Tuchukue mfano wa mwanamke aliyekufa akaacha mume, mama na baba, na shilingi 6,000,000. Kwa hukumu ya Sayyidna Umar (R.A.), iliyoshikwa na madhehebu manne, mume hupata 3,000,000, mama theluthi ya kilichobaki, yaani 1,000,000, na baba 2,000,000. Ikiwa programu itampa mama theluthi ya mali yote, kama alivyoona Ibn Abbas (R.A.), mafungu ya wazazi yatapinduka. Asiyeijua mas'ala hii hatajua hata kwamba pana la kuuliza.

Nasaha yetu

Wasia uchapishwe kwenye karatasi, usomwe mbele ya mashahidi wawili waadilifu, utiwe saini kila ukurasa na kuandikwa tarehe, na uelezwe wazi kuwa umetangua wa kabla yake. Nakala za zamani zifutwe kwa idhini ya muusia. Na mgao wa mirathi uhakikiwe na mjuzi wa faraidhi au kadhi kabla ya mali kugawanywa, kwani iliyokwisha kuliwa ni tabu kurejeshwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana. Wallahu a'lam.