Kompteri ya maji: ipi inafaa stesheni ya kuosha kahawa?

Kwenye milima ya Butembo kahawa ya arabika inaoshwa kwa maji mengi, na wale wanaochota chini ya mto wana haki ya kujua ni kiasi gani tunachukua. Kabla koperative haijanunua kompteri, iangalie kwanza maji yenyewe.

Kompteri inayojulikana, kama ile Regideso inafunga kwenye nyumba, iko na propela ndogo ndani. Maji yanaisukuma, vigurudumu vya meno vinahesabu mizunguko. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo (moja ni litre 1000), nyekundu ni litre. Haidai umeme. Lakini inapenda maji safi: mchanga na maganda ya kahawa vinaikwamisha. Tena tiyo lazima ijae. Maji yakikatika halafu yakirudi, hewa iliyobaki ndani inazungusha propela, na kompteri inahesabu hewa kama maji! Basi ifungeni pale maji yanapoingia, si kwenye maji machafu yanayotoka.

Viwanda vikubwa, kama vya bia, vinatumia ya sumaku. Maji yakipita katikati ya sumaku yanazaa umeme kidogo sana, na yakienda mbio umeme unaongezeka. Mwingereza Michael Faraday alionyesha kanuni hiyo mwaka 1831. Ndani hakuna kinachozunguka, hata matope yanapita. Kuna na ya sauti, inayofungwa nje ya tiyo: sauti inayofuata maji inafika mbele ya ile inayopanda, na tofauti hiyo inaonyesha mwendo wa maji. Zote mbili zinadai umeme, na kwangu mimi bei yake si ya koperative ndogo.

Kwa mfereji napendelea ubao. Ukate pembe ya digrii 90, kama kona ya daftari, ncha iangalie chini. Uzibe mfereji nao, maji yote yapite kwenye pembe na kuanguka ng'ambo. Kisha, hatua moja nyuma ya ubao, pima kimo cha maji kuanzia usawa wa ncha. Sentimita 5 ni karibu litre 0,8 kwa sekunde. Sentimita 10, litre 4,4. Sentimita 15, litre 12. Angalieni vizuri: kimo kikiwa mara mbili, maji ni zaidi ya mara tano.

Na kompteri yoyote, mpya ao ya okazyo, ijaribuni mbele ya wanachama. Someni tarakimu, jazeni bidoni 10 za litre 20, someni tena. Inapaswa kuongeza litre 200. Ikiongeza 230, irudisheni kwa muuzaji mbele ya kulipa.