Nafsi Mbili, Mwili Mmoja: Viwakilishi na Uanaume katika Yu-Gi-Oh! Duel Monsters

Katika anime ya mchezo wa karata Yu-Gi-Oh! Duel Monsters (2000–2004), iliyotokana na vibonzo vya Kazuki Takahashi, mwanafunzi Yugi anashiriki mwili mmoja na roho ya Farao wa Misri ya kale. Wote wawili huigizwa kwa sauti na Shunsuke Kazama, hivyo kiwakilishi cha nafsi ya kwanza kinasaidia sana kuwatofautisha. Yugi hujiita boku, umbo la mvulana mpole. Farao hujiita ore, umbo la kiume lenye ukali na kujiamini. Istilahi yetu ya nafsi, inayobeba maana ya kisarufi na ya kiroho kwa pamoja, inaafiki hali hii barabara.

Uhusiano wao umo katika namna wanavyoitana. Yugi humwita Farao mou hitori no boku, yaani “boku mwingine”, akimvika upole wake mwenyewe. Farao humwita aibou, ambalo “mwenzangu” inalitosheleza. Ugumu uko kwenye boku na ore, kwa kuwa mimi ya Kiswahili haidokezi jinsia wala tabia. Mfasiri hana budi kuihamishia tofauti hiyo kwingine, pengine katika kuamuru: “naomba unipishe” dhidi ya “nipishe!”

Katika pambano la mwisho Yugi anamshinda Farao huku akiendelea kujiita boku. Mfasiri atakayempa ukali hapo, kwa kudhani kwamba mshindi sharti angurume, atakuwa ameipotosha tamati ya mfululizo mzima.