PSA ikipanda, usianze kuandika wosia

Juzi mzee mmoja wa miaka 58 aliingia kwangu akishika karatasi ya maabara. Ilisema PSA 7. “Daktari, si hii ni saratani?” aliniuliza. Alikuwa ameshaanza kuwagawia wanawe shamba.

Mpenzi msomaji, PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume. Mnamo 1979, Dkt Ming Chu Wang na wenzake mjini Buffalo, Marekani, waliitenga na protini nyingine za tezi hiyo. Kila protini ina ukubwa wake na chaji yake ya umeme, na ndiyo sababu zinaweza kutenganishwa. Maabara hutumia kingamwili zinazoishika PSA peke yake ili kujua kiasi chake katika damu.

Mwaka 1986 Marekani iliidhinisha kipimo hiki kwa kufuatilia wagonjwa wa saratani, na 1994 kwa kusaidia kuigundua.

Lakini PSA ni alama ya tezi, si ya saratani. Hupanda pia tezi inapokua kwa sababu ya umri au inaposhambuliwa na viini. Kati ya wanaume wanne wenye PSA ya 4 hadi 10, kwa kawaida mmoja tu ndiye hupatikana na saratani. Tena, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliikuta saratani kwa wanaume wapatao 15 katika kila 100 ambao PSA yao haikuzidi 4.

Ndiyo maana wataalamu huchunguza zaidi. Kwa mfano, hupima sehemu ya PSA inayoelea huru katika damu. Sehemu hiyo ikiwa ndogo, shaka ya saratani huongezeka. Uhakika hutoka kwa kipande cha tezi kilichotazamwa kwa darubini.

Mkojo wa mzee wetu ulikuwa na viini. Alimeza dawa, na baada ya wiki nane PSA ilishuka hadi 2.

Je, umetimiza miaka 50? Au 45, na babako au nduguyo aliugua saratani hii? Zungumza na daktari wako kuhusu kipimo hiki. Mweleze ukihisi maumivu unapokojoa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.