NAMNA YA KUPIGA FOTO YA SANAMU NDANI YA NYUMBA



Kwetu kulikuwa sanamu ndogo ya mti, iliyotoka upande wa Fizi kwa babu wa babu yangu. Mwezi wa ine 2020, mto Mulongwe ulipojaa na kuingia katika nyumba za watu hapa Uvira, maji yalienda nayo. Tulibaki na foto moja tu, iliyopigwa usiku kwa flashi. Uso ni mweupe sawa taa, nyuma yake kivuli kinene ukutani. Macho na michoro ya mashavu haionekani. Hata mtu akituletea ile sanamu leo, hatuna cha kuonyesha kwamba ni yetu. Ni juu ya hiyo naandika.

Shida iko wapi? Sanamu nyingi za kale za Walega na Wabembe zilipakwa mafuta miaka mingi, kwa hiyo zinang'aa. Flashi iko karibu kabisa na jicho la telefone: mwangaza unapiga mbele na kurudi palepale. Tena alama za kisu tunaziona kwa sababu ya vivuli vyake vidogo. Mwangaza wa mbele unavifuta, mwangaza wa kando unaviamsha. Basi, zima flashi, kisha fanya hivi:

1. Tafuta dirisha. Kwetu jua inapanda upande wa ziwa na kushuka nyuma ya milima. Asubuhi dirisha la upande wa ziwa linaingiza jua kali. Ngoja saa nane ao saa tisa, ama funika dirisha na shuka nyeupe.

2. Weka sanamu juu ya meza, dirisha likiwa kando yake.

3. Upande wa kivuli simamisha karatasi nyeupe. Itarudisha mwangaza kidogo. Isogeze karibu na mbali, utaona tofauti.

4. Nyuma tandika kitambaa cha rangi ya majivu, kisichong'aa.

5. Zima ampuli. Mwangaza wake wa manjano ukichanganyika na ule wa dirisha, rangi ya mti inadanganya.

6. Egemeza telefone kwa vitabu na uiachie sekunde 2 ijipige yenyewe, juu mkono unatetemeka.

Na kama ni usiku, umeme haiko? Mwenzako ashike torshi kando, juu kidogo, nyuma ya karatasi nyeupe nyepesi.

Piga mbele, pande mbili, mgongo na chini, rula ikiwa karibu. Kuko kanuni ya kimataifa inaitwa Object ID, ilitolewa mwaka 1997 ili kuandika vitu vya thamani. Inaomba foto, vipimo, na alama za pekee: ufa, kovu, fasi iliyovunjika. Kwa alama hizo kitu kilichoibiwa kinatambulika.

Wengine watauliza: Mkristo atapigaje foto ya sanamu za wazee? Ndugu, kupiga foto si kusujudu. Mbelgiji Daniel Biebuyck alitoa kitabu kizima mwaka 1981 juu ya sanamu za upande huu. Sisi wenyeji tutashindwa hata foto tano?

Likizo hii, ukifika kwenu, omba ruhusa kwa mzee kwanza. Vitu vingine vya Bwami havionyeshwi kwa kila mtu, akikataa, heshimu. Akikubali, usingoje mvua.