Mtoto akianguka mwembeni, kagua vidole vyake kwanza

Msimu wa embe unapoanza mkoani Tabora, watoto wa Kigwa huhamia juu ya miti. Kata hii ya Wilaya ya Uyui, mashariki mwa mji wa Tabora, ipo kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na mwembe ni mti ambao wakazi wa njia hiyo wameuzoea tangu enzi hizo. Kwa mzazi, embe ni neema. Lakini ni msimu pia wa mikono kuvunjika.

Anayeanguka hutanguliza kiganja ili asiumie uso. Uzito wote wa mwili hupita kwenye kifundo cha mkono, ukapanda kiwikoni hadi begani. Mfupa utakaoshindwa kuhimili ndio utakaovunjika.

Mifupa 32 katika mkono mmoja

Kuanzia begani hadi ncha za vidole, mkono mmoja una mifupa 32. Juu kabisa upo mtulinga, ule mfupa mwembamba unaoonekana chini ya shingo, na nyuma yake kombe la mkono. Kati ya bega na kiwiko upo mfupa mmoja mrefu, na kati ya kiwiko na kifundo ipo miwili. Kifundo kina mifupa midogo 8, kiganja 5 na vidole 14: gumba lina miwili, na kila kidole kingine mitatu.

Mtulinga ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono na kifua. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu na mizigo ya takriban kilo 30 hadi pwani, waliutegemea kila siku ya safari. Kwa mtoto, mfupa huohuo huvunjika kwa urahisi, ila kwa kawaida huunga vizuri mkono ukitulizwa.

Kiwiko ndipo penye hatari

Juu kidogo ya kiwiko, mfupa mrefu wa mkono hupanuka na kuwa bapa na mwembamba. Kwa watoto, hasa wa miaka 5 hadi 7, hapo ndipo unapovunjika mara nyingi wanapoanguka. Shida ni kwamba mbele ya mfupa huo hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye vidole, na kando yake mishipa ya fahamu. Mmojawapo hupita nyuma ya kiwiko upande wa ndani. Ndio unaorusha "umeme" hadi kidole cha mwisho mtu anapojigonga mezani.

Ncha ya mfupa uliovunjika inaweza kuubana au kuuchana mshipa wa damu. Hata usipoguswa, uvimbe unaweza kuzuia damu isipite. Misuli ikikosa damu kwa takriban saa 6, huanza kufa. Baadaye hukauka na kujikunja, na vidole hubaki vimepinda kama kucha za mwewe. Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza hali hiyo mwaka 1881, akiihusisha na bandeji zilizofungwa kwa kubana mno.

Ndiyo maana kumfunga mtoto vibao kwa kukaza, au kumchua kiwiko kilichovimba, ni hatari hata kama anayefanya hivyo ana nia njema na uzoefu wa miaka mingi. Mfupa unaweza kuunga, lakini mkono ukawa umepotea.

Kagua kwa dakika moja

Mzazi hahitaji kifaa chochote. Alinganishe mkono ulioumia na ule mzima:

1. Joto na rangi. Vidole viwe na joto, visiwe vyeupe wala vya bluu.

2. Ukucha. Uubonyeze hadi uwe mweupe, kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi.

3. Hisia. Mguse kila kidole huku mtoto akitazama pembeni, aseme ni kipi.

4. Mwendo. Mwambie ainue dole gumba juu. Kisha aunganishe ncha ya gumba na ya kidole cha shahada kufanya duara. Mwisho avitawanye vidole vyote. Kila tendo hupima mshipa wake wa fahamu.

Jambo moja likikosekana, au maumivu yakizidi vidole vinaponyooshwa, ni dharura. Safari isisubiri asubuhi.

Kabla ya kufika hospitali

Mvue bangili, shanga au saa kabla mkono haujavimba. Usiuvute, usiunyooshe wala kuukunja kwa nguvu. Uache ulivyo, uushikize kifuani kwa khanga bila kukaza. Kama kuna kidonda, kifunike kwa kitambaa safi. Asile wala kunywa hadi aonwe, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Akihitaji picha ya eksirei au upasuaji, atapewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Kitete mjini Tabora.

Akifungwa plasta ngumu, ukaguzi uleule uendelee nyumbani, hasa siku 2 za kwanza. Mkono uinuliwe juu ya mto, na vidole vichezeshwe. Vikivimba, vikipoa au kufa ganzi, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Wadogo wanaovutwa mkono

Si kila kiwiko huumia kwa kuanguka. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 akinyanyuliwa kwa mkono mmoja, au akivutwa ghafla barabarani, mfupa mmoja wa chini ya kiwiko unaweza kuchomoka kidogo kwenye ukanda unaoushika. Hulia, kisha huuacha mkono ukining'inia bila kuutumia, mara nyingi bila uvimbe wowote. Mhudumu wa afya aliyefunzwa huurudisha kwa muda mfupi. Nyumbani usijaribu, maana huenda umevunjika. Kumkinga ni rahisi: mnyanyue kwa kumshika chini ya makwapa.

Fimbo isubiri

Mtoto aliyekatazwa kupanda mti huogopa kusema ameanguka. Huvaa shati la mikono mirefu, hula kwa mkono wa kushoto, na hulala mapema. Saa zile 6 hupita akiwa kitandani, kimya. Wazazi wanaoishi kwenye miembe wawaambie watoto mapema, kabla embe hazijaiva, kwamba atakayeanguka akasema hatachapwa.