Je, Wajua? Kijiko Kimoja Chamtosha

Siku ya kwanza, mtoto mchanga hunywa takriban kijiko kimoja cha chai kila anaponyonya. Basi dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, kutoka kwa matone si upungufu. Lakini nenda wodini: mama ana wasiwasi, na bibi kwenye benchi ameshauliza kopo la maziwa liko wapi. Chupa ikiwahi, mtoto hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa.

Wapo wanaohitaji nyongeza kweli, kama mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyeshuka sukari mwilini. Kwa watoto kama hao, mwaka 2019 Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya. Kwa kawaida maziwa ya kuchangiwa hupashwa nyuzi joto 62.5 kwa dakika 30, kisha hugandishwa.